KUZURU HEKALU LA WABUDDHA: ADABU ZAKE NA MANENO YATUPASAYO

Mtu asimamaye katika kiwanja cha Mnazi Mmoja, mjini Dar es Salaam, yuko mpakani. Upande mmoja ni Kariakoo, ambayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918. Upande wa pili ni mitaa ambayo wenyeji walizoea kuiita Uhindini. Kiwanja chenyewe kiliachwa wazi makusudi zamani za ukoloni, ili kutenga mji wa Waafrika na mji wa Wahindi. Utengano huo wa sheria umekwisha zamani, na watu wa kila kabila huvuka kiwanja hicho mchana kutwa. Lakini katika usemi wetu mpaka ungaliko. Mambo ya upande mmoja tunayo maneno yake dhahiri, na mambo ya upande wa pili twayataja kwa maneno machache yenye ukungu.

Chukueni mfano wa nyumba za ibada. Mswahili husema msikiti, husema kanisa, husema jamatini ya Waismailia, husema mzimu wa wazee. Kila moja ina jina lake, wala hakuna achanganyaye. Bali akitaka kutaja nyumba za dini nyingine zilizotoka bara la Asia, karibu zote huziita hekalu, na wenyewe wote huwaita Mabaniani. Jina hilo Baniani asili yake ni neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara; halitaji dini yo yote. Hata methali ijulikanayo na kila mtoto, Baniani mbaya kiatu chake dawa, yamtaja mtu wa dukani, si mtu wa hekaluni. Basi mgeni aulizaye njia ya hekalu hapo Mnazi Mmoja huelekezwa Kisutu, yaliko mahekalu ya Wahindu. Ameelekezwa vema, ikiwa awatafuta Wahindu. Hekalu la Wabuddha haliko Kisutu. Liko Upanga, ng'ambo ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wala si mwendo wa kumchosha mtu mwenye afya.

Nia ya makala haya ni mbili. Kwanza, kuwaeleza walimu na mapadre jinsi mtu aendaye peke yake apasavyo kulizuru hekalu hilo, au jingine la namna hiyo, asimwudhi mwenyeji wala asiivunje dhamiri yake mwenyewe. Pili, kuyapima maneno ya Kiswahili tuyatumiayo tusimuliapo habari za hekalu hilo shuleni. Mambo haya mawili ni jambo moja. Kwa maana atumiaye maneno yasiyo sawa hawezi kuona sawasawa, hata akiwa amesimama mbele ya kitu chenyewe.

Hekalu la Upanga

Hekalu hili ni la Wasinhala, watu wa kisiwa ambacho wazee wetu walikiita Seilani, na ambacho tangu mwaka 1972 huitwa Sri Lanka. Wasinhala hawakuwa wengi kamwe katika nchi yetu. Lakini walikuwamo tangu zamani za ukoloni, na miongoni mwao walikuwamo masonara waliojulikana kwa kazi yao ya dhahabu na vito. Kama watu wote wakaao ugenini, walitaka mahali pa kukusanyikia, pa kuwafundishia watoto dini yao, na pa kuwaombolezea wafu wao; wakaunda chama chao, na hekalu lao huhesabiwa tangu mwaka 1920. Kwa hiyo ni mojawapo ya mahekalu ya Kibuddha ya kale zaidi katika bara zima la Afrika. Umri wake wapita umri wa makanisa mengi na shule nyingi za wasomaji wa kurasa hizi.

Wala hapa si mahali pekee ambapo watu wetu walikutana na dini hiyo. Mwaka 1942 kikosi cha askari wa Afrika Mashariki kilipelekwa Seilani kukilinda kisiwa. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikakusanywa huko kwa mazoezi, na mwaka 1944 ikapelekwa Burma, ikapita bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikauteka mji wa Kalewa mwezi wa Desemba. Maelfu ya vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa waliishi basi miongoni mwa Wabuddha kwa miezi na miaka, wakapita mbele ya mahekalu yao, wakawaona watawa wao wakienda asubuhi na bakuli mikononi. Habari hizi hazikuandikwa ila kidogo sana katika vitabu vyetu vya shule. Na hiyo ni sababu mojawapo ya umaskini wa maneno yetu.

Nyumba kubwa na kibanda cha majani

Sasa tulitazame neno lenyewe. Hekalu tumelipokea kwa Waarabu, ambao husema haykal. Nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania hekhal, lililotumika kwa jumba la mfalme na kwa nyumba ya Mungu iliyojengwa na Sulemani. Waebrania nao walilipata kwa watu wa Babeli na Ashuru waliosema ekallu; na hao walilipata kwa Wasumeri, waliosema e-gal, maana yake nyumba kubwa. Kwa hiyo kila tusemapo hekalu, tumekwisha kuahidi ukubwa.

Na kweli, Wabuddha wanayo majengo makubwa ya kustaajabisha. Pagoda ya Shwedagon katika mji wa Rangoon, ambao sasa huitwa Yangon, imefunikwa dhahabu, na kimo chake hukaribia mita 100. Katika mji wa kale wa Anuradhapura, huko Sri Lanka, imesimama Jetavana, kilima cha matofali kilichojengwa katika karne ya 3 na ya 4 baada ya Kristo. Mwanzoni kimo chake kilikuwa kama mita 120, na katika dunia ya zamani zile majengo machache sana yaliipita, yakiwamo mapiramidi mawili makubwa ya Giza. Katika Afrika yetu, hekalu la Nan Hua lililojengwa na Wachina karibu na Bronkhorstspruit, Afrika Kusini, lilifunguliwa mwaka 2005, nalo husifiwa kwa ukubwa kuliko yote ya bara hili.

Lakini Msinhala akienda hekaluni kwake hasemi anakwenda nyumba kubwa. Husema anakwenda pansala. Na maana ya asili ya neno hilo ni nyumba ya majani, yaani kibanda. Neno jingine, vihara, maana yake ni makao. Kibanda hicho ni cha mtawa aliyeacha mali, akajijengea kivuli cha kumtosha wakati wa mvua. Huenda leo pansala ikawa ya mawe na vigae, jina halikubadilika.

Basi msafiri aendaye Upanga huku akilini ana neno nyumba kubwa, hana budi kusikitika akiona jengo la kadiri katikati ya nyumba za watu. Aendaye akijua neno kibanda cha majani ataelewa kwamba jengo si shabaha. Hata Jetavana na Shwedagon, kwa ukubwa wao wote, ni vifuniko tu: kifuniko cha kitu kidogo kilichozikwa ndani. Ndiyo maana kilima cha namna hiyo Wasinhala hukiita dagaba, yaani chumba cha masalio. Kwa hiyo kitenzi kifaacho kwa safari hii tunacho tayari katika Kiswahili cha pwani, nacho ni kuzuru. Kwa maana watu wa pwani, tangu zamani, huzuru makaburi ya watu waliosifika kwa uchaji.

Vitu vinne vya kutazamwa

Katika hekalu la Wasinhala, kwa kawaida, mgeni atakuta vitu vinne.

Cha kwanza ni mti. Ni mti wa bodhi, ambao ni wa jamii moja na mkuyu wetu, ule mti ambao Zakayo aliupanda apate kumwona Bwana. Wabuddha wasimulia kwamba Siddhartha Gautama, mtoto wa jamaa ya kitawala aliyeishi kaskazini ya Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, aliketi chini ya mti kama huo hata akayatambua mambo yaliyomsumbua: kwa nini watu wanateseka, na njia gani yatoka katika mateso. Tawi la mti ule, wasema, lilichukuliwa mpaka Anuradhapura katika karne ya 3 kabla ya Kristo na binti wa mfalme Ashoka. Na mti wa Anuradhapura umetunzwa mpaka leo. Katika nchi zote walikokwenda, Wasinhala hupenda kupanda mti wa namna hiyo penye hekalu lao; wa Upanga nao upo. Mgeni asichume majani yake wala asiyakanyage ovyo.

Cha pili ni dagaba, ambayo tumekwisha kuieleza. Watu huizunguka wakiiacha upande wa kuume, kwa mwendo wa taratibu.

Cha tatu ni nyumba ya sanamu, ambamo Buddha huonyeshwa ameketi, au amesimama, au amelala ubavu wa kuume kama alivyolala saa ya kufa kwake. Mbele ya sanamu pana meza ya maua, taa za mafuta na ubani. Maua hayo huwekwa mabichi, yakaachwa yanyauke papo hapo. Na maneno wayasemayo wanapoyaweka yana maana kwamba mwili wa mwanadamu nao utanyauka vivyo hivyo. Kila mwalimu atamkumbuka nabii Isaya na majani yake yakaukayo. Ndiyo sababu atoaye ua hekaluni haliweki kwanza puani pake. Akilinusa amekwisha kujitwalia sehemu yake.

Cha nne ni makao ya watawa, na pamoja nayo mahali pa kufundishia. Hapo ndipo pansala hasa. Na mgeni aliyetazama vile vitu vitatu akaondoka bila kumsalimu mwenyeji, ameona matawi asiione shina.

Adabu za mgeni aliye peke yake

Waendao kundi huwa na kiongozi; akivua viatu nao huvua, akiketi nao huketi. Aliye peke yake hana wa kumwiga, wala hana wa kumfasiria. Hasara hiyo ni yake. Lakini anayo faida kubwa kuliko hasara, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kulijaza hekalu kelele, na mwenyeji humwendea mgeni mmoja kwa urahisi kuliko kundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo yamhusu mtu, si msafara. Basi ayashike haya.

Avae mavazi ya heshima, yafunikayo mabega na magoti. Wenyewe hupenda nguo nyeupe, hasa siku za mwezi mpevu, ambazo kwao ni siku takatifu. Kama vile Waislamu wauangaliavyo mwezi mwandamo, ndivyo Wabuddha wauangaliavyo mwezi uliojaa. Siku kubwa kuliko zote ni ile ya Vesak, katika mwezi mpevu wa Mei, wakumbukapo kuzaliwa kwa Buddha, kuamka kwake na kufa kwake. Atakaye kuona ibada aende siku hizo. Atakaye kuuliza maswali aende siku nyingine asubuhi, kwa maana siku kuu mwenyeji hana nafasi.

Mlangoni avue viatu na kofia. Ndani asizungumze kwa sauti kuu, asinyoshe kidole kuelekea sanamu, wala asiketi akiielekeza nyayo zake. Akunje miguu upande. Akitaka kupiga picha aombe ruhusa kwanza, wala asiipe sanamu kisogo ili apigwe picha pamoja nayo. Jambo hili si dogo. Huko Sri Lanka, mwaka 2012, wasafiri watatu Wafaransa walihukumiwa kwa sababu ya picha za kuibusu sanamu. Na mwaka 2014 mwanamke Mwingereza alifukuzwa nchini kwa sababu ya mchoro wa Buddha uliochanjwa mkononi mwake. Yafaa tuseme pia kwamba mwaka 2017 mahakama kuu kuliko zote ya nchi hiyo ilimpa haki mwanamke huyo, ikaamuru alipwe fidia. Maana wenyewe wajua kupambanua dharau na ujinga. Lakini heri mgeni asiyewapa kazi hiyo ya kupambanua.

Akimkuta mtawa, asimpe mkono, na hasa mwanamke asimguse mtawa mwanamume. Hiyo ni kanuni ya utawa wao, si dharau. Amwamkie kwa kuunganisha viganja kifuani na kuinama kidogo. Mtawa hataunganisha viganja vyake kumjibu, kwa kuwa desturi yao haimruhusu kumrudishia mtu asiye mtawa salamu ya namna hiyo. Mgeni asidhani amebezwa. Wakiketi, mgeni asikae mahali palipoinuka kuliko pake. Akitaka kupeleka zawadi ya chakula, aipeleke kabla ya adhuhuri, kwa maana baada ya jua la utosi watawa hawali mpaka kupambazuke. Naye aitoe kwa mikono miwili. Katika hili hana la kujifunza upya: mtoto aliyelelewa vema katika nchi hii apewapo kitu na mkubwa hupokea kwa mikono miwili.

Sentensi moja na maneno yake matano

Sasa twarudi darasani. Tuseme mwalimu wa jiografia au wa historia ya dini aandika ubaoni sentensi hii: Wabuddha ni Wahindi wanaomwabudu mungu wao Buddha, ambaye ni sanamu, na makuhani wao huwapa amri tano. Sentensi hii ni fupi, yaandikika upesi, na mtoto huikariri bila taabu. Tuipime neno kwa neno.

Wahindi. Dini hii ilizaliwa kweli kweli katika Bara Hindi. Lakini katika hesabu ya watu ya India ya mwaka 2011, Wabuddha hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Walio wengi wako Sri Lanka, Burma, Siam, China, Japani na nchi jirani. Mwenye duka Mhindi wa Uhindini, ukimwita Mbuddha, atakushangaa.

Kumwabudu mungu wao. Kitenzi kuabudu chatoka kwa Waarabu, na shina lake ni lile la neno abdi, yaani mtumwa. Aabuduye amejifanya mtumwa wa Bwana aliyemwumba. Buddha hakujiita mwumba, wala wanafunzi wake hawamwiti hivyo. Jina lenyewe maana yake ni Aliyeamka. Katika mafundisho ya Wasinhala yeye ni mwalimu aliyekufa, asiyewajibu waombaji. Msinhala akiinama mara tatu, humheshimu Buddha, na mafundisho yake, na jamii ya watawa wake. Hatusemi kwamba mambo ni hayo tu kila mahali. Katika China na Japani wako wengi wanaowaomba Mabuddha wengi msaada na wokovu. Na hata Sri Lanka watu huwaendea miungu mingine katika vibanda vyao kwa haja za kila siku. Lakini asemaye habari za hekalu la Upanga aseme kuheshimu, au kutukuza. Na kuabudu aliweke kwa mahali panapostahili.

Ambaye ni sanamu. Neno sanamu halina kosa. Kosa ni kiungo ambaye ni. Katika Kiarabu sanamu ni kinyago cha kuabudiwa, bali Kiswahili kimelipanua neno hilo hata likawa picha na mfano wa kila namna. Katikati ya Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya Askari, ya shaba nyeusi, kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu. Kila mtu huiita sanamu, wala hakuna asemaye kwamba watu wa mji ule humwabudu Askari. Jina ni lile lile; kinachopambanua ni kitenzi tunachokiweka kando yake.

Makuhani. Kuhani ni mtu atoaye dhabihu kwa ajili ya watu na kusimama kati yao na Mungu. Mtu wa pansala hafanyi hivyo. Katika Kipali, lugha ya maandiko yao, huitwa bhikkhu, maana yake aombaye, kwa sababu huishi kwa chakula apewacho. Katika Kiswahili lililo karibu ni mtawa, kutokana na kutawa, yaani kukaa ndani na kujitenga kwa uchaji. Neno hili halienei pande zote, kwa maana mtawa wa Kibuddha hutoka nje na bakuli lake; lakini laeleza kujitenga kwake na mali, ndoa na shughuli za dunia. Nasi Wakristo twalitumia kwa ndugu zetu wa mashirika; basi tukilitumia kwa hao, mtoto ataelewa mara moja ni maisha ya namna gani.

Amri tano. Mambo yenyewe ni haya: kutokuua, kutokuiba, kutokuzini, kutokusema uongo, na kutokutumia vileo. Mtoto wa shule yetu akiyasikia atadhani ni nusu ya zile zilizotolewa Sinai. Wala hakosi kuona udugu wa mambo. Bali namna ya kusema ni nyingine. Mlimani Sinai asemaye ni Bwana, naye husema na wewe. Katika pansala asemaye ni mtu mwenyewe, naye hujitia katika mwongozo wa kujizuia. Kwa hiyo si amri. Wala nadhiri haifai sana, kwa kuwa nadhiri katika Kiswahili huwekwa kwa Mungu, mara nyingi kwa kutaraji jambo. Twashauri kusema ahadi tano.

Basi sentensi ile, ikitengenezwa, yaweza kuwa hivi: Wabuddha ni watu wa mataifa mengi ya Asia wanaomheshimu Buddha kuwa mwalimu aliyeamka, huweka sanamu yake katika mahekalu yao, huwatunza watawa, na kila mmoja hutoa ahadi tano. Haikuzidi sana kwa urefu. Bali sasa Msinhala wa Upanga akiisikia atasema, Naam, ndivyo tulivyo.

Je, Mkristo aende?

Mapadre wengine watauliza ikiwa yafaa mwalimu wa misheni kuingia mahali pa ibada isiyo yake. Swali hili lina haki ya kujibiwa, kwa maana nasi hatufundishi kwamba dini zote ni moja. Mbuddha hamwamini Mungu Mwumba kama sisi tumwaminivyo, wala hamngojei Mwokozi. Humkimbilia Buddha kama mtu amkimbiliavyo tabibu aliyeacha dawa akaenda zake. Tofauti hiyo ni kubwa, wala adabu haiifuti.

Lakini tuna mifano miwili katika Maandiko. Wa kwanza ni Naamani, ambaye baada ya kuponywa alisumbuka kwa sababu kazi yake ilimpeleka pamoja na bwana wake katika nyumba ya Rimoni. Nabii Elisha hakumlaumu, akamwambia aende kwa amani. Kuingia nyumba na kuabudu ndani yake ni mambo mawili. Mgeni Mkristo halazimishwi kuweka ua wala kuinama mbele ya sanamu. Asimame kimya, au aketi nyuma, na wenyeji watatosheka.

Wa pili ni mtume Paulo huko Athene. Alikuwa peke yake akiwangoja Sila na Timotheo. Na siku hizo za kungoja alizitumia kuzunguka na kuyatazama mahali pa ibada pa watu wa mji. Roho yake ilichukizwa. Lakini hakuanza kwa matukano. Aliposimama kusema Areopago, alianza kwa kitu alichokiona kwa macho yake na kukisoma kwa usahihi, yaani maandishi ya madhabahu moja. Watu wakamsikiliza hata alipofika kwenye neno la ufufuo, ambapo wengine walimdhihaki na wengine wakataka kusikia tena. Laiti angalikosea kuyasoma maandishi yale, hotuba yake ingalikufa mwanzoni.

Tena iko amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Twaifundisha watoto kwa habari za barazani na mahakamani. Ni mara chache tuifundishapo kwa habari za dini za watu. Lakini mwalimu mmoja hufundisha watoto arobaini kwa mwaka, na sentensi aliyoiandika ubaoni huwafuata mpaka uzeeni. Katika Kariakoo ya leo wako wafanyabiashara waliotoka China. Mtoto aliyefundishwa vibaya atakutana na jirani Mbuddha dukani, penye forodha, katika chuo kikuu, hospitalini. Atakapomweleza jirani huyo dini yake kwa maneno ya uongo, jirani atacheka, au atanyamaza kwa uchungu. Na toka saa hiyo hatataka kusikia habari za dini ya mtoto huyo pia.

Kwa hiyo twawashauri walimu wa shule zetu zilizo mjini na pwani, kila apataye nafasi, aende Upanga asubuhi moja akiwa peke yake, amevaa vema, viatu mkononi, na daftari mfukoni. Na walio mbali, ambao hawawezi kwenda, waanze kwa maneno: hekalu, wakikumbuka kwamba kwa wenyewe ni kibanda cha majani, kuzuru, mtawa, kuheshimu, ahadi tano. Hakuna hata moja kati yake lililokopwa leo kwa wageni. Yote yalikuwa tayari katika lugha yetu, yakingoja tu kutumiwa mahali pake.